Shaba ya Uwanja Mpya

Saa moja asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la vitamu vya jalebi kilinuka mafuta yaliyoungua. Bisheshwar alichora sakafuni kwa chaki: jengo jipya la abiria, barabara ya ndege iliyorefushwa, ghala la mkandarasi.

"Waziri anakata utepe saa nne. Walinzi wote watakuwa mbele, kwenye maua na matarumbeta. Sisi tunaingia nyuma na vizibao vya njano, tunapakia nyaya za shaba mchana kweupe. Lori anaendesha Kamesh."

Ghuran aliacha kutafuna tambuu. Yeye na Bisheshwar walianza pamoja, wakipora makaa ya mawe kwenye mabehewa, enzi uwanja huu wa ndege ulipokuwa malisho ya mbuzi. Ghuran aliwahi kufungwa jela kwa ajili ya mwenzake. Kamesh alikuja na mvua za juzi, na kitambulisho chake cha fundi umeme. Sasa ndiye anayemegewa samaki wa kwanza.

"Kaka, usukani ni wangu siku zote."

"Leo utabeba. Mimi na wewe tutarudi na pikipiki."

"Usinune, kaka Ghuran," Kamesh alisema. "Mgongo wako bado una nguvu kuliko macho yako."

Bisheshwar akacheka. Kicheko kile kikamwingia Ghuran kama kisu.

Saa mbili.

Ghuran alijibanza nyuma ya choo, simu sikioni.

"Lori la bluu, Inspekta. Barabara ya kiwanda cha sukari. Mchukue dereva. Kijana. Huyo tu."

Saa nne na robo.

Ndege kutoka Delhi ilitua, umati ukalipuka kwa shangwe. Huku nyuma mabunda ya nyaya yalipanda lorini moja baada ya jingine. Mlinzi pekee aliyebaki getini alikiona kitambulisho cha Kamesh, akampungia mkono. Wakatoka hivyo hivyo, kama wenye mali, Kamesh kwenye lori, wao wawili nyuma kwa pikipiki.

Kwenye tanuri la matofali Bisheshwar akasimamisha msafara.

"Kamesh, shuka. Chukua pikipiki, potea."

"Lakini kaka, ulisema..."

"Nilisema ili ulifungue geti kwa moyo mmoja. Umelifungua. Mzigo sijawahi kumpa mtu ila huyu." Akamrushia Ghuran funguo. "Ulidhani nitampa mgeni jasho letu?"

Funguo zilikuwa za moto mkononi.

"Tupite njia ya mtoni, kaka," Ghuran alisema, Bisheshwar akiketi kando yake.

"Kwa daraja lile la mianzi? Shaba yote hii? Kanyaga, bwana."

Akakanyaga. Kwenye kioo alimwona Kamesh akitokomea na vumbi, na hata hapo wivu ulimuuma.

Ukuta wa kiwanda ukatokea. Jipi mbili za polisi zilikuwa zimeziba barabara.

"Ruka, kaka."

Bisheshwar aliwatazama askari. Kisha akamgeukia. "Wamejuaje?"

"Ruka! Wanamtaka dereva tu."



"Kwa ajili ya usukani, Ghuran?"

"Ulicheka."

Bisheshwar hakuruka. Alinyoosha mkono, akazima injini. Lori likajikokota hadi likasimama mbele ya mitutu.

Inspekta alifungua mlango, akachungulia uso wa Ghuran wenye mvi, akakunja kipaji. "Tuliambiwa kijana. Yuko wapi kijana?"

Ghuran alifumbua mdomo. Bisheshwar, pingu zikifungwa mikononi mwake, akamtangulia.

"Hakuna kijana, bwana mkubwa. Tuko wawili tu. Tangu zamani."

Na hakumtazama tena.