Kasanga Aimba Tena Bugini

Marehemu Kasanga alianza kuimba saa tisa alasiri, na ukumbi mzima wa Ng'ambo ukainuka kucheza.

Haukuwa mzuka. Ilikuwa kazi ya mfufuasauti, mtambo uliokusanya mabaki ya sauti kutoka santuri zilizokwaruzika na kuijenga upya bendi nzima: magitaa, tumba, tarumbeta, hata pumzi anayovuta mwimbaji kabla ya ubeti. Chini ya wachezaji ilitandazwa sakafu-sikivu, iliyohisi vishindo vya miguu na kuuambia mtambo uchangamshe mwendo au uupoze. Tabora ilikuwa na treni za angani na roboti za kufagia barabara, lakini Jumapili watu bado walikwenda bugini, kwenye dansi la alasiri.

Mhandisi Nyamizi, aliyeubuni mtambo huo, alikuwa binti wa Kasanga. Alisimama jukwaani, roho juu, akimtazama mama yake akicheza peke yake katikati ya ukumbi, khanga kiunoni, machozi yakimtiririka. Bibi huyo hakuwa ameisikia sauti ya mumewe tangu askari walipomtoa kwenye jukwaa hilihili. Kasanga alifia gerezani kwa sababu ya wimbo mmoja.

Idara ya Utulivu ilikuwa imetoa kibali kwa sharti: wimbo huo uimbwe kwa maneno yaliyosahihishwa, na bugi likienda vizuri, santuri za awali ziteketezwe. Nyamizi alikubali. Alijiambia kwamba heri baba mwenye mstari mmoja wa uongo kuliko kukosa baba kabisa. Alijidanganya, tena akijua.

Wimbo ukaingia. Kiitikio kikafika.

"Bomba lapita mlangoni kwangu," aliimba Kasanga, "ahsante, wakubwa, kwa maji!"

Mama akasimama ghafla.

"Nyamizi! Baba yako hakuimba hivyo!"

"Mama, tafadhali. Nitakueleza nyumbani."

"Unieleze nini? Umemfufua mume wangu umtie aibu?"

Kisha, kwa sauti iliyochakaa, akaimba mwenyewe: "Bomba lapita mlangoni kwangu, maji yalala kwa mkubwa!" Wazee wenzake wakadakia. Vijana nao wakadakia, maana walibembelezwa kwa wimbo huo migongoni mwa bibi zao.

Hapo Nyamizi akakumbuka alichokisahau. Alikuwa ameufundisha mtambo adabu ya wanamuziki wa zamani: kwenye kiitikio, mwimbaji huuachia ukumbi uimbe, kisha huendelea na kile ukumbi ulichoimba. Mfufuasauti ukanyamaza, ukasikiliza, halafu Kasanga akarudi na maneno yake mwenyewe, yaleyale yaliyomfunga. Mama akapiga kigelegele.

Mkurugenzi wa Idara aliruka kutoka kiti cha mbele. "Zima!"

Nyamizi alimtazama mama yake, aliyekuwa amefumba macho na kuinua mikono kana kwamba kuna mtu amemshika wakicheza. Kuzima kulikuwa sawa na kumzika baba mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake. Lakini sauti ile alikuwa ameitumia vibaya tangu mwanzo, na hakutaka Idara iitie tena maneno ya uongo. Akang'oa kiini cha mtambo kilichohifadhi sauti hiyo, akakikanyaga kwa kisigino mpaka kikasagika.

Sauti ya Kasanga ikakatika. Magitaa yakakatika. Nyamizi akalia waziwazi, mbele za watu.

Miguu haikusimama. Mtu alishaanza kupiga meza badala ya tumba, na kiitikio kilikuwa kikizunguka ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta.

"Nimesema zima!" Mkurugenzi alipaza sauti.

"Nimeshazima, mheshimiwa," alijibu Nyamizi, akashuka kumfuata mama yake.