Nilimtungia Mpenzi, Mumewe Akaja na Bunduki

"Soma hapo!"

Sikuweza. Simu nilikuwa nimeishika, macho yangu yako mlangoni.

"Nimesema soma, Zubaida!"

Mlango alikuwa ameufunga kwa komeo. Bunduki ameilaza juu ya meza yangu, katikati ya chupa za mafuta na kikombe changu cha chai. Saa tatu asubuhi, jua linawaka, mtaa mzima wa Bwaise uko macho, na mimi nakaribia kufa ndani ya chumba changu mwenyewe!

Nikasoma.

"Alipopita... ilibaki harufu ya msandali, karafuu na ganda la ndimu lililokaushwa..."

"Ishia hapo." Akainama, uso wake karibu kabisa na wangu. "Hayo ni mafuta ya nani?"

"Ni hadithi tu, shemeji..."

"Hayo ni mafuta ya nani?!"

Jamani. Yalikuwa mafuta ya mke wake.

Na niliyachanganya mimi, kwa mikono yangu hii hii.

Ngojeni nirudi nyuma kidogo, maana mtanihukumu kabla hamjajua lolote. Ingawa hata mkishajua mtanihukumu tu. Nimestahili.

Naitwa Zubaida. Ni Mnubi, binti wa askari, Kiswahili nimekipata kambini kabla ya Kiganda. Kazi yangu ni kuwaandaa wanawake. Nyuma ya nyumba nina kibanda cha dukhan: kuna shimo, ndani makaa na kuni za kunukia, mwanamke anakaa juu yake amejifunika blanketi mpaka shingoni, moshi unampanda mwilini. Mabibi harusi wanakuja. Wake za watu wanakuja.

Wakitoka hapo nampaka kila mmoja khumra yake, yale mafuta mazito ya manukato. Mchanganyiko wa mtu ni wa mtu! Simpi mwingine hata anililie. Mume anaingia nyumbani umeme umekatika, anajua mkewe yuko chumba gani.

Hilo la mafuta mlishike.

Sasa, ndani ya ule moshi wanawake wanaongea! Jasho linakutoka, macho umefumba, hakuna anayekutazama... unajikuta umesema yote. Mimi nachochea makaa, nasikiliza. Wakishaondoka, naandika.

Ndoto yangu ilikuwa moja tu, wapenzi. Kuwa mwandishi wa riwaya za mapenzi. Siyo za wafalme, hapana. Mapenzi ya leo, ya Kampala hii, ya watu wanaopanda boda na kugombana kwenye WhatsApp.

Siku moja ndani ya moshi alikaa Aminah. Mke wa Abdul-Karim, mlinzi wa kampuni moja ya ulinzi. Mwanamke mpole, anacheka huku amefunika mdomo.

Alipotoa mkono nje ya blanketi, niliona alama.

"Aminah, hiyo nini?"

"Mkanda, dada."

Nikaacha makaa. Yeye akaendelea, polepole.

"Namwambia Jumanne naenda kwa shangazi mgonjwa. Siendi kwa shangazi. Najifunza kushona, kule Kansanga. Nikishajua kukata gauni mwenyewe, naondoka. Sirudi tena."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na yule mwalimu wangu wa kushona. Basi."

Mimi na mwalimu wake, basi. Na baada ya wiki mbili, watu elfu tisa kwenye ukurasa wangu!

Msinitukane bado. Nilibadilisha jina, nikamwita Salma. Kansanga nikaifanya Ntinda. Hata rangi nilibadilisha, Aminah ni mweusi, Salma nikampa weupe. Nikajiona mjanja. Hadithi nikaiita *Kila Jumanne*, sehemu moja kila baada ya siku mbili, na watu wakanogewa!

Hasa msomaji mmoja, Mama Babra. Huyo alikuwa wa kwanza kila sehemu ikitoka. Maua, mioyo, "Mwandishi Mungu akubariki." Nilimpenda bure.

Kwenye sehemu ya saba akaandika: "Lakini mwandishi, huyu Salma kila Jumanne anaenda kushona tu, kweli? Hakuna mwanaume hapo? Usitufiche!"

Wenzake wakadakia. Mwanaume! Tunataka mwanaume!

Wiki hiyo hiyo akanipigia mchapishaji. Mchapishaji wa kweli, jamani, mwenye ofisi na karani!

"Dada Zubaida, nakitaka hiki kitabu. Ila mapenzi yako wapi? Mpe Salma mtu."

Nikampa mtu.

Sehemu ya tisa akaingia Daktari Rauf. Miwani, mkoba wa ngozi wa kahawia, sauti ya chini. Nilimtoa kichwani mwangu tu, hata kivuli hana! Na ili ampende Salma, ilibidi ainuse harufu yake anapopita kwenye ngazi. Nikakaa na kalamu... harufu ya kubuni ikanigomea. Kazi yangu ni mafuta, siwezi kudanganya kwenye mafuta. Nikaandika ninayoyajua.

Jina nilificha. Mtaa nilificha. Mafuta nikayaacha wazi.

Sasa turudi chumbani.

"Huyo daktari ni nani?" Abdul-Karim alikuwa na sare ya kazi bado, macho mekundu ya kukesha lindoni. Ile bunduki ilitakiwa iwe imerudishwa kazini saa moja asubuhi.

"Hayupo, shemeji. Wallahi hayupo. Nimemtunga."

"Umemtunga."

"Nimemtunga! Wasomaji walitaka..."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayenifundisha.

"Mkanda, kweli. Jumanne, kweli. Shangazi mgonjwa, kweli. Mafuta, kweli. Halafu huyu daktari peke yake ndiye wa uongo? Unaniona mimi mjinga?"

Jamani, nyie mngemjibu nini?

Na siku yenyewe ilikuwa Jumanne! Muda ule ule Aminah alikuwa Kansanga, ameinamia cherehani, hana habari. Nilijua nyumba. Nilijua hata rangi ya mlango. Nikajiambia, Zubaida, ukitamka Kansanga umemuua.

"Leo yuko wapi?"

"Sijui."

Alinipiga kofi moja. Sikio likapiga kengele.

"Yuko wapi?"

"Sijui, shemeji! Nipige mpaka jioni, sijui!"

Akanitazama. Kisha akatabasamu, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko yote.

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Sehemu mpya. Daktari anamwambia Salma waonane leo, saa nane. Taja mahali. Mke wangu anakusoma, nimemwona akilia na hiyo simu. Akiona ataenda, na huyo mwanaume wake ataenda. Nitawakuta wote wawili."

Akanisogezea simu. Mkono mwingine aliuweka juu ya bunduki.

Wapenzi, nimeandika sehemu nyingi maishani. Ile niliandika nikiwa nimejikojolea. Ndiyo, nasema ukweli, nimejikojolea, mtu mzima.

Mahali nikachagua Port Bell, kule bandarini, mbali na Kansanga. Nikaandika daktari atasubiri karibu na lango, na miwani yake, na mkoba wake wa kahawia. Lakini nitamwambiaje Aminah asitoke kwenda huko? Nitamwambiaje hatari iko wapi, na huyu mtu anasoma kila neno juu ya bega langu?

Ndipo nikakumbuka misk, yale manukato makali.

Aminah na misk hawapatani. Siku moja mteja mwingine alifungua kichupa chake kibandani, Aminah akaanza kukohoa, pumzi ikakata, nikamburuta nje kwa miguu. Nilimwapia siku ile: "Mdogo wangu, misk na wewe kwangu ni haramu. Hata nikichanganyikiwa sitakupaka."

Nikaandika: "Salma akajipaka misk. Misk tupu, shingoni na viganjani, kwa mkono wa yule yule mama aliyemwandaa siku zote."

Kidole cha Abdul-Karim kikatua kwenye kioo.

"Misk?"

Akalisoma neno hilo mara ya pili.

"Mke wangu hapaki misk."

Ya Rabi! Sijui maneno yalitoka wapi.

"Mwanamke akienda kwa mwingine, shemeji... anabadilisha harufu."

Nilimwona anavyobadilika. Mishipa ya shingo ikatoka. Wivu ulimpanda mpaka macho yakajaa maji, na hakuuliza tena juu ya misk.

"Rusha," akasema.

Nikarusha.

Akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akabonyeza. Simu yangu ikalia pale pale, *ting!*

Nikatazama.

*Mama Babra: Asante mwandishi* ❤️

Nikamtazama yeye. Nikaitazama simu yake.

"Mama Babra ni... wewe?"

Akairudisha simu yake mfukoni.

"Ni wewe ndiye uliyemtaka mwanaume! Mimi sikuwa na daktari! Wewe ndiye uliyeomba! Angalia sehemu ya saba, angalia maneno yako mwenyewe!"

"Mimi niliuliza swali," akasema kwa upole kabisa. "Wewe ukanijibu."

Akachukua simu yangu. Akachukua bunduki. Akatoka, akafunga kwa nje kwa kufuli langu mwenyewe.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Redio za mtaani zinalia, mashine ya kusaga inanguruma, nani atanisikia? Saa nne. Saa tano. Saa sita. Nilikaa sakafuni nikiwaza: na kama Aminah hajafungua simu? Kama amesoma akadhani mwandishi amesahau tu? Kama huyu mtu amebadili mawazo njiani?

Saa saba na kitu nikasikia mtu anagonga.

"Mama Zubaida, mbona kufuli liko nje na wewe unalia ndani?"

Ni Akoth, jirani yangu anayekaanga samaki!

"Vunja, Akoth! Vunja!"

Alivunja kwa jiwe la kuponda nyama. Sikueleza. Nilijifunga leso, nikamwambia akimbie polisi aseme kuna mtu na bunduki Port Bell, mimi nikarukia boda.

"Kansanga! Ssebo, bwana, kimbia!"

Mwalimu wa kushona, Goretti, alikuwa mlangoni.

"Aminah yuko wapi?"

"Ameondoka tangu asubuhi. Alikuwa anasoma simu wakati wa chai. Ghafla akasimama, akasema, 'Huyu siye Zubaida anayeongea.' Akachukua mfuko wake tu. Gauni lake hilo hapo."

Gauni lilikuwa bado kwenye cherehani, mkono mmoja haujashonwa, sindano imezama kwenye kitambaa.

Nililia pale pale, kwenye sakafu ya watu.

Na Abdul-Karim? Alisimama langoni Port Bell, amejificha nyuma ya lori, anamsubiri mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Saa tisa akapita baba wa watu, karani wa forodha, maskini, anakwenda zake kula. Ana miwani. Ana mkoba wa kahawia. Akamrukia, akamwekea bunduki kifuani: "Wewe ndiye Rauf!"

Polisi waliotumwa na Akoth walimkuta amemshika hivyo hivyo, simu yangu bado mfukoni mwake; nilirudishiwa kesho yake. Silaha ya kazi, nje ya kazi, juu ya mtu asiye na kosa. Mpaka leo kesi inaendelea, na yuko ndani.

Yule karani alipona. Nilikwenda kumwomba radhi. Akaniuliza, "Nyabo, mama yangu, mimi nilikukosea nini?"

*Kila Jumanne* nimeifuta yote. Mchapishaji alinipigia mara sita, kesi imemfurahisha, anasema sasa kitabu kitauzika. Nikamkatalia. Naandika kingine, polepole, na nimeweka karatasi kwenye mlango wa kibanda: UTAKALOSEMA HUMU LINABAKI HUMU. Ninyi mnaoandika kama mimi, nisikilizeni: siri ya mtu ukiibadilisha jina bado ni siri ya mtu. Na mwenye kuisaka haangalii jina.

Mtauliza, sasa mbona hii unaisimulia?

Kwa sababu alinipa ruhusa. Alinipigia siku ya nne, kwa namba ngeni. Aliko sisemi. Majina ya humu aliyachagua yeye, hata langu. Mitaa aliipanga yeye. Na yale mafuta mliyosoma hapo juu, msandali, karafuu na ganda la ndimu? Siyo yake. Na kile kinachombana kifua wala siyo misk. Yake yamebaki kati yangu na yeye.

Nilimwomba msamaha mpaka akachoka.

"Dada, acha. Nilijua kuwa Salma ni mimi tangu sehemu ya pili."

"Ulijua? Mbona hukuniambia nifute?!"

Nilisikia cherehani ikizunguka nyuma yake, halafu ikasimama.

"Nilitaka kukwambia. Halafu ukamleta daktari." Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kufunika mdomo. "Usinicheke, dada. Kila Jumanne nikipanda ngazi za kule Kansanga, nilikuwa napanda polepole..."

"Kwa nini?"

"Labda angepita."