Uvungu wa Nyumba ya Nadine

Asubuhi ile Nadine Purdy alivunja mayai mawili kwenye kikaango. Yote mawili yaliteleza yakajikusanya upande wa dirishani. Akageuza kikaango. Yakakimbilia dirishani tena.

"Doyle, njoo uone maajabu!" aliita.

Mumewe alikuja na kikombe cha kahawa. Alitazama mayai, kisha akatazama pembeni.

"Nyumba mpya hutulia polepole," alisema. "Itakaa sawa yenyewe."

"Miezi tisa inatulia tu? Kuku angekuwa ameshaangua mara ngapi?"

Doyle aliweka kikombe mezani. Alitoka nje.

Nyumba yao ilijengwa kiwandani, ikaletwa na lori hadi kwenye shamba lao dogo huko vilimani, Arkansas. Mafundi waliisimika kwa siku moja tu, juu ya nguzo fupi za matofali ya saruji. Uvungu wakauziba kwa vibao vyeupe vya plastiki. Vilipendeza kweli. Tangu siku hiyo hakuna aliyechungulia humo. Nani huchungulia uvungu wa nyumba mpya?

Sasa mlango wa bafu ulikuwa haufungiki. Ufa ulipanda ukutani, juu ya kitanda cha binti yao Josie, mwenye miaka minne. Na majira ya tufani yalikuwa yamefika. Upepo wa huko ukikasirika, hubeba nyumba. Nadine aliogopa, tena sana.

Alimpigia simu muuzaji, Bwana Kilgore.

"Tulikuuzia nyumba, mama, hatukukuuzia udongo," alisema Kilgore. "Muulize fundi aliyeisimika."

Fundi akasema, "Mimi nilitumwa na Kilgore. Uliza kiwandani."

Kiwandani wakasema nyumba ilitoka kwao ikiwa nzima. Wakampiga danadana juma zima.

Jumamosi Doyle alileta jeki ya lori. "Nitainyanyua mwenyewe," alisema. "Naweka vipande viwili vya mbao, basi."

"Shusha hiyo jeki!"

Aliyepaza sauti ni jirani yao, Bi Hester Goforth. Alikuwa amewaletea bakuli la maharage. Mama huyo alisimika nyumba kama hizi kwa miaka ishirini, kwa leseni, mpaka magoti yalipomgomea.

"Ukiinyanyua leo, kesho watasema wewe ndiye uliyeiharibu," alisema. "Na ikikuangukia, hata hutawasikia wakisema. Fungua kibao kimoja tuone."

"Hakuna haja, Bi Hester," alisema Doyle haraka.

Nadine alishangaa. Kwa nini hataki? Akakifungua kibao mwenyewe, akalala kifudifudi, akamulika kwa tochi.

"Yesu wangu! Bi Hester, kuna nyasi!"

Nguzo zilikuwa zimesimama juu ya nyasi. Chini yake hapakuwa na zege hata kipande. Matofali mengine yalilazwa ubavu, na moja lilikuwa limepasuka. Nguzo ya chini ya chumba cha Josie ilikuwa imedidimia kabisa. Haikugusa nyumba. Mkono wa Nadine ulipita katikati.

"Kwa hiyo chumba cha mwanangu kinashikiliwa na nini?" aliuliza.

"Na bahati," alijibu Bi Hester. Kisha akaonyesha chuma kilichochomoza ardhini, ukingoni mwa nyumba. "Hiyo ni nanga. Huzungushwa mpaka izame chini sana, halafu huunganishwa na nyumba kwa mkanda wa chuma, ili upepo usiibebe. Huo mkanda umelegea. Hebu ivute."

Nadine aliivuta akitegemea itagoma. Ikatoka kama karoti. Ilikuwa na urefu wa shubiri moja. Ncha yake ilikuwa imekatwa kwa msumeno.

Nadine alikaa kwenye matope. Miezi tisa mtoto alikuwa akilala juu ya uongo huu!

"Kuna jambo," alisema Doyle. Uso wake ulikuwa umemparama. "Pale chini ya chumba cha Josie nilifukia banda la zamani. Mbao, magogo, kila kitu. Nikasawazisha kwa trekta. Nilitaka kiwanja kionekane safi kabla lori halijaja."

"Ulijua?"

"Nilidhani pameshikamana. Baadaye nikaona aibu kusema."

"Aibu! Mtoto analala hapo, Doyle!" Nadine aliinua nanga aitupe mbali.

"Usiitupe!" Bi Hester alimshika mkono. "Huo ni ushahidi."

Kisha akamgeukia Doyle. "Kosa lako lipo, na utalisema. Mikataba ya nyumba hizi husema kuandaa kiwanja ni kazi ya mnunuzi. Lakini fundi anatakiwa kupima udongo kabla hajaweka hata tofali moja. Akikuta kifusi, anakataa kazi. Na nanga hukuikata wewe. Muuzaji aliyemleta fundi huyo naye hakwepi."

"Tufanye nini?" aliuliza Nadine.

"Pigeni picha kabla hamjagusa kitu. Wekeni pima maji sakafuni, mpige picha hiyo pia. Halafu andikeni barua, maana simu mtu huikana. Wekeni tarehe na kila mlichokiona. Nakala moja kwa muuzaji, moja kwa fundi, moja kiwandani, na moja kwa ofisi ya jimbo inayosimamia nyumba hizi. Fanyeni sasa, kabla mwaka wa dhamana ya nyumba haujaisha. Na mtoto aje alale kwangu."

Barua ilijaa kurasa mbili. Habari ya banda Doyle aliiandika kwa mkono wake.

Mkaguzi wa jimbo alikuja, akatambaa uvunguni, akatoka akitikisa kichwa. Uamuzi ukatoka: Doyle afukue kifusi chake mwenyewe, na muuzaji alete fundi mwingine asimike nyumba upya, mkaguzi akitazama. Yule wa kwanza akasimamishwa leseni. Safari hii kila nguzo ilikaa juu ya zege. Nanga zilizama mpaka mwisho. Maji ya mvua yakachimbiwa mfereji. Bwana Kilgore, yule asiyeuza udongo, alisimama humo humo kwenye udongo na viatu vyake vinavyong'aa.

Tufani ya Juni ilipopita, ilichukua paa la zizi. Nyumba haikutikisika.

Kesho yake Doyle na Nadine walikwenda kwa Opal Renfro, barabara ya juu. Nyumba yake nayo ilisimikwa na fundi yule wa kwanza.

"Yangu iko sawa jamani," Opal alicheka. "Haina hata ufa."

Doyle alifungua kibao, akaingia uvunguni. Walisikia viwiko vyake vikikwaruza chini. Halafu vikakoma.

"Doyle?" aliita Nadine.

"Mwambie Opal awatoe watoto nje," sauti ilisema kutoka chini, polepole. "Sasa hivi."

Opal alikuwa ameshaanza kukimbilia ndani.