Makumbi ya Bi Mwatumu

Asubuhi yenyewe haikuwa na lolote. Maji yalikuwa yamekupwa, jua la kijijini Ushongo lilikuwa bado pole, na Saleha alikuwa uani akikoroga uji huku akiichungulia simu yake aliyoiegesha dirishani, mahali penye mtandao mzuri zaidi katika nyumba ile. Simu haikuwa na habari. Mwanawe wa pekee, Uweso, yuko Maskati kutafuta maisha. Waliagana kwa maneno makali, na tangu Ramadhani hajapiga. Saleha hakuwahi kumlilia mbele ya mtu. Aliichaji simu tu, kila siku, akairudisha dirishani.

Mambo haya nimeyapata kwa Nasma, mdogo wake Saleha, na Nasma si mtu wa kutia chumvi. Na huyo Saleha mjue mapema. Ni mwanamke wa kushuku. Ukimwamkia anajiuliza nani kakutuma. Ukimpelekea mchuzi, paka ndiye anayeonja kwanza. Majirani wanamcheka kwa hilo, ila wanampenda, na kijiji kizima kinamwita Mama Uweso.

Shida ya nyumba ile ilikuwa Nasma. Alijifungua mtoto wa kiume aliyezaliwa kimya, akazikwa siku hiyohiyo, na tangu hapo Nasma akakaa mkekani akiutazama ukuta. Hali mpaka alishwe. Hasemi. Mumewe, Sabiri, alimpeleka hospitali Pangani akapewa vidonge. Akasomewa Kurani, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya. Akitulia leo, kesho ni ukuta tena. Mwishowe muuguzi mmoja akawaambia wasimwache peke yake, wampe kazi ya mikono katikati ya wenzake. Saleha akalishika neno hilo kwa mikono miwili, maana mdogo wake alikuwa akimpotea huku anamwona, na usiku alilala akiogopa kwamba siku Nasma atakapogeuka kutoka ukutani, hatamjua mtu.

Kazi ya mikono kwa wanawake wa pale ni makumbi. Maganda ya nazi hufukiwa kwenye tope la mikoko, yakawekewa mawe juu, yakaachwa yaoze kwa miezi. Kisha hufukuliwa, hulazwa juu ya gogo na kupondwa kwa vigongo mpaka zibaki nyuzi za kusokotea kamba. Yananuka, sikufichi. Lakini kazi ile ina raha yake. Wanawake wakishika pigo moja, mtu husahau mkono unaomuuma, husahau hata ugomvi aliouacha nyumbani.

Kila mwanamke ana shimo lake. Shimo la Saleha lilikuwa bado bichi. Lililoiva lilikuwa moja tu, la Bi Mwatumu, na Bi Mwatumu alikuwa amekwisha kufa tangu msimu wa kusi uliopita, hana mume, hana mtoto, hana hata wa kuachiwa kanga zake. Enzi zake ndiye aliyekuwa akiongoza mapigo: matatu, kituo. Matatu, kituo. Waliopiga naye walirudi makwao wepesi, wanacheka njiani. Ila walikuwako watu wazima waliokumbuka, na hilo walilisema kwa sauti ya chini, kwamba Bi Mwatumu aliwahi kuzaa na kuzika watoto. Ukimuuliza alikuwa akikutazama kwa upole na kusema, "Watoto gani?"

Sasa, shimo la aliyekufa halifukuliwi. Tope lake huachiwa makumbi yake, basi, na mwenye kukosea akafukua, ni yeye mwenyewe arudi kufukia. Saleha alilijua neno hilo tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Lakini akamtazama Nasma pale mkekani, akachukua jembe.

"Maiti hasokoti kamba," alimwambia Dorkasi walipokuwa wanashuka mikokoni.

"Mimi ni mtu wa kuja, Mama Uweso," Dorkasi akajibu. "Tope lenu mnalijua wenyewe."

Dorkasi ni jirani yao, mjane, Mlutheri aliyekulia kwenye kambi za mkonge. Koti la marehemu mumewe, Fanueli, lilikuwa likining'inia nyuma ya mlango wake, na kila Jumamosi alilipiga pasi kana kwamba kesho yake mwenyewe atalivaa kwenda kanisani. Watu walimzoea hivyo. Alimsaidia Saleha kuondoa mawe, wakachimba, na makumbi yakatoka yamelainika vizuri, meupe, mengi kuliko walivyotarajia. Saleha akainama kuyanusa. Hayakunuka.

Akashuku, lakini akayabeba.

Mkono wake wa kulia uliteguka katika kuondoa mawe, kwa hiyo yeye hakupiga, alikaa kando akisokota polepole. Nasma wakamkalisha kwenye gogo katikati ya Dorkasi na majirani wengine wawili, wakamtia kigongo mkononi. Alikitazama kwa muda. Kisha akainua, akapiga. Matatu, kituo. Matatu, kituo. Hakuna aliyemfundisha. Wenzake walimfuata bila kuambizana, na uwanja ukaingia katika pigo moja, mpaka kuku wakatulia. Jioni Nasma alikula mwenyewe, akaomba aongezewe pilipili. Sabiri alitoka akaenda nyuma ya nyumba, na wote waliosikia anavyolia walijifanya hawakusikia.

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha, na ni furaha hiyo iliyomnyima Saleha usingizi. Mtu hatoki ukutani leo, kesho akawa anaimba. Nasma alikuwa akiamka mapema, anafagia, anamtania mumewe, na makumbi yakishaanikwa anaulizia mengine. Na mengine yalikuwako daima. Walipiga asubuhi mpaka adhuhuri, na lundo halikupungua.

Saleha akaanza upelelezi wake. Kwanza alimshuku Sabiri, akanusa chai ya Nasma, akavikagua vidonge. Havikuwa vimeguswa. Kisha akamshuku Dorkasi, maana Dorkasi naye siku hizo alikuwa akicheka peke yake. Akaenda kwake mchana na kisingizio cha kuomba chumvi.

"Afadhali umekuja," Dorkasi akamwambia, akalitoa koti nyuma ya mlango na kumkabidhi. "Kuna mtu kasahau koti lake kwangu. Nisaidie kuulizia ni la nani."

Saleha alidhani ni mzaha. Akamtazama usoni, na uso ulikuwa mtulivu, umenawiri, hauna kitu.

"La Fanueli," akanong'ona.

"Fanueli yupi, Mama Uweso?"

Akasahau chumvi. Akatembea kurudi kwao na koti mkononi, na njiani akawa anakumbuka yale maneno ya Bi Mwatumu. Watoto gani. Watoto gani. Alipofika uani Nasma alikuwa amepumzika, anafuta tope vigongoni kwa kitambaa cheupe. Saleha akasogea. Hakikuwa kitambaa. Kilikuwa kifulana cha mtoto mchanga, kile ambacho Nasma alikifuma mwenyewe akiwa mja mzito, na tangu mazishi alikuwa akilala nacho chini ya mto.

"Cha nani hicho, mdogo wangu?"

"Sijui, dada. Nimekiokota chumbani."

Alisema hivyo akitabasamu. Kigongo kilikuwa chini, mikono yake imetulia, na wenzake walikuwa wamekwenda makwao. Hata hivyo Saleha alisikia. Kutoka upande wa mikokoni, mbali, chini. Matatu. Kituo. Kama mtu anayejibu.

Jioni akamweleza Sabiri yote. Sabiri alisikiliza ameinamisha kichwa, na hakushangaa, maana yeye alikuwa ameyaona kabla.

"Mwache, shemeji," akasema polepole. "Anakula. Analala. Mtoto nitamkumbuka mimi peke yangu, inatosha."

Ni kweli, alikuwa akila. Angeweza hata kuridhika, na Mungu anajua alikaribia kuridhika. Lakini asubuhi yake Nasma alimfuata jikoni, akamsogelea sikioni.

"Dada, yule mwanamume anayelala humu ndani ni nani?"

"Nasma. Ni mumeo."

"Ana huzuni sana," Nasma akanong'ona. "Simpendi. Akinitazama kifua kinaniuma. Nikipiga makumbi hakiumi."

Ndipo Saleha alipoelewa. Pigo lile halikuwa likiponya. Lilikuwa likiondoa kila kinachouma, na linakiondoa na mizizi yake. Limemchukua mtoto. Sasa limeanza kwa mume. Na siku Nasma atakapomtazama dada yake akamwona amekonda kwa hofu, na hofu ile ikamuuma, itakuwa zamu ya dada.

Hakungoja. Maji yalipokupwa alasiri alizoa makumbi yote, yaliyopondwa na yasiyopondwa, na kamba alizokuwa amesokota, akayatia kwenye magunia na kuyakokota hadi mikokoni kwa mkono mmoja mzima, safari baada ya safari. Vigongo alivitia motoni. Nasma hakumzuia. Alibaki kwenye gogo akipiga kwa kiganja kitupu. Sabiri alijaribu kumshika mikono, akawa anapiga kwa kisigino.

Saleha alikuwa ameziba masikio kwa pamba. Haikusaidia. Kule mikokoni sauti haikuja kwa masikio. Ilipanda kwa nyayo. Matatu, kituo. Shimo lilikuwa wazi na tope lake linatikisika kidogo. Alitia gunia la kwanza. Akatia la pili. Mkono uliokuwa umeteguka ukaacha kuuma, na hilo likamtisha kuliko maumivu yenyewe. Kifua kikawa chepesi. Akajikuta anatabasamu, peke yake, katikati ya tope.

Akajua linamchukua na yeye.

Alitafuta kitu cha kushika. Kitu kimoja kizito, asichoweza kukiachia hata iweje. Alikuwa nacho kimoja tu. Akaanza kulitaja jina la mwanawe, kwa sauti, kila anapotupa konzi la tope. Uweso. Akafukia. Uweso. Akaburuta jiwe. Uweso.

Mwanamke yule, aliyemshuku kila mtu, hakulishuku jina la mwanawe. Jina lile mdomoni lina mapigo matatu. Alipokuwa akilitaja lilikaa sawasawa juu ya lile pigo la chini, matatu na kituo, matatu na kituo, akalitaja kwa nguvu zaidi, akafuata, akafukia, mpaka jiwe la mwisho likakaa mahali pake na tope likatulia. Kukawa kimya. Akasimama kidogo akipumua. Alikuwa akitaja kitu sasa hivi, na hakukumbuka ni nini.

Huku nyumbani Nasma alipiga ukelele uliosikika mpaka msikitini. Sabiri alimkuta amekikumbatia kile kifulana, analia kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu mazishi, na katikati ya kilio akamwita mumewe kwa jina, akamshika shingo hakumwachia. Wakalia pamoja mpaka wakachoka. Nasma anasema maumivu yale yalikuwa makubwa kuliko ya uzazi, na kwamba hawezi kuyabadilisha na kitu chochote. Hazikupita dakika nyingi Dorkasi naye akaja mbio, hana viatu.

"Mama Uweso," akaita uani. "Nipe koti la mume wangu."

Saleha alikuwa ameketi kizingitini, tope mpaka magotini, anatabasamu. Hakugeuka.

"Mama Uweso!"

Hakugeuka. Mpaka Dorkasi alipomshika bega, ndipo akainua uso na kusema kwa adabu, "Samahani, jirani. Sikujua ni mimi unayeniita."

Walidhani ni uchovu. Wakamnawisha, wakamlaza, akalala usingizi mzuri. Siku mbili zikapita. Simu iliishiwa chaji dirishani, na Nasma ndiye aliyeichomeka.

Ijumaa baada ya swala simu ikaita. Saleha alikuwa karibu, akaipokea. Nasma alikuwa kitandani bado dhaifu, na kwa mlango uliokuwa wazi alimwona dada yake akisikiliza kwa makini, uso mwema, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Hapana," Saleha akasema. "Mimi sina mtoto. Umekosea namba, mwanangu. Jaribu tena, inshallah utampata."

Akaiweka chini, akakunja mikono mapajani. Simu ikaita tena. Nasma alijikongoja akaichukua yeye, akaitikia.

"Mama mdogo, shikamoo," sauti ya Uweso ikasema, na ilikuwa imekwaruza. "Mama bado ana hasira? Nimepiga kumwomba radhi. Kaniambia yeye hana mtoto."

Nasma akamtazama dada yake.

"Na huyo anayepiga makumbi," Uweso akaendelea, "mwambieni apumzike kidogo. Kwa kelele hizo simsikii mtu."

Uani hapakuwa na mtu. Gogo lilikuwa tupu, vigongo vilikwisha kuwa majivu, na mikono ya Saleha ilikuwa imelala mapajani, haitikisiki. Nasma akaiziba simu kwa kiganja, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Kisha akairudisha sikioni.

"Bado nayasikia hayo mapigo," Uweso alikuwa akisema, taratibu. "Matatu, halafu kimya. Mama mdogo, mbona ni kama naitwa?"