Glasi ya Bijou

—Kunywa basi, Raoul! Bantu yote banakuangaria.

Bijou alikuwa amempigia magoti, glasi ya munkoyo mikononi. Mchumba akiimaliza, ndoa imekubaliwa. Akiirudisha, amemkataa msichana mbele ya ukoo mzima. Raoul aliisogeza mdomoni, akaganda.

Kinywaji hicho cha mahindi kilipikwa kikiwa kitamu, hata mtoto angekunywa. Lakini Oktoba hiyo ya 1991 askari walianza kupora maduka ya Lubumbashi, raia wakafuata, sherehe ikaahirishwa, munkoyo ukalala kwenye ndoo. Sasa ulikuwa umechacha, na Raoul, aliyetoka juzijuzi kwenye matibabu ya ulevi, hakuhitaji kuambiwa.

—Siwezi.

—Unanikatala?

—Siyo weye. Hii iko pombe!

—Mi mwenyewe nalipika!

Tantine Annie, shangazi wa Bijou, aliruka kitini.

—Banakatala mutoto yetu! Haya gani hii?

Hapo wakasimama wajomba wa Raoul, yaani wajomba wa kuazima. Walikuwa wenzake wa kikundi cha waliotibiwa, na sheria yao ilikuwa moja: hakuna anayekwenda kwenye sherehe peke yake.

—Leta nisikie harufu, alisema Symphorien, mkubwa wao. Akanusa, akafumba macho kwa raha.

Jeannot, mjomba mwingine, akamnyang'anya glasi.

—Toka! Pua yako itazama mule!

—Iko pombe kweli? aliuliza Tantine.

—Pombe kabisa, mama, alijibu Symphorien. Tena muzuri, ndo ubaya yake.

—Basi muntu moja aonje!

Wajomba wote wakatazama viatu vyao.

Raoul aliitazama glasi mkononi mwa Jeannot. Funda moja tu, na Bijou angekuwa wake. Kisha angempoteza tena kidogo kidogo, kama zamani, na hilo lilimuumiza kuliko aibu.

—Bijou, minakupenda. Lakini nikikunywa hii, utaolewa na Raoul ya zamani.

Bijou akaichukua glasi, akaonja, uso ukakunjamana. Akaimwaga yote, miguu ya Tantine ikalowa. Akaingia ndani, akarudi na maji, akapiga magoti upya.

—Kunywa, bwana yangu.

Raoul akayamaliza huku analia.

—Maji? Bantu batasema nini? alifoka Tantine.

Nje watu walipita wakiimba, makasha ya bia ya wizi vichwani. Papa Musonda, baba wa Bijou, aliwatazama, akaangua kicheko.

—Muji muzima inakunywa ya bule, na huyu anakatala glasi mu mikono ya bibi yake. Nitapata wapi mukwe mwingine? Bijou, muongezee maji! Na hawa bajomba pia. Halafu mufunge mulango!

Symphorien ndiye aliyekimbia kuufunga, pua ameiziba.