Chini ya Dungu

Jambo ambalo Esta hakuliona msimu ule lilikuwa karibu naye kuliko yote aliyoyaona. Aliona makundi ya ndege wa kwelea yakigeuka angani kabla hayajashuka. Aliona moshi wa jiko la jirani, na mbwa wa kijiji cha Ubaruku wakikimbizana katika vumbi la njia. Lakini mahali palipokuwa chini ya nyayo zake mwenyewe hakupaona, wala hakujua kwamba hapaoni.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, shule zimefungwa, na mpunga wa bonde la Usangu ulikuwa umeanza kujaza maziwa katika punje zake. Kila jua lilipochomoza Esta alipanda dungu, ule ulingo wa miti ambao baba yake, Mzee Kalinga, aliujenga juu ya tuta la jaruba, kipande chake cha shamba la mpunga, ili kuamia ndege. Kamba zenye makopo zilitoka kwenye nguzo za dungu na kutambaa juu ya mpunga. Esta alizivuta kwa mikono, akakanyaga kwa miguu, akapiga kelele. Hakuwa mtoto wa kutulia. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo hata kanisani hukalia siafu.

Wiki ile maji ya jaruba yalianza kupungua. Asubuhi Mzee Kalinga aliyaingiza kutoka mferejini. Jioni alikuta tope. Jaruba la chini yake, alilomwazima mjane Tupokigwe, lilikuwa na maji tele.

"Wewe uko juu kutwa," alimwambia Esta. "Nani anafungua tuta langu?"

Esta alijiuliza: Mlinzi asiyeona ni mlinzi gani? Akakumbuka kwamba jana yake alimwona Atuganile, binti wa Tupokigwe na rafiki yake wa darasani, ameinama kando ya tuta.

"Ni Atuganile, baba. Nimemwona kwa macho yangu akifungua."

Mzee Kalinga alikaza taya. "Basi kesho kutwa, Jumapili, baada ya ibada, mama yake atanirudishia jaruba langu."

Habari haina miguu, lakini ilifika kwa Tupokigwe kabla ya giza. Mpunga wake ulikuwa bado mbichi; kunyang'anywa jaruba siku hizo kulikuwa kunyang'anywa chakula cha mwaka mzima. Asubuhi Atuganile alikuja akasimama mbele ya dungu, mikono kiunoni.

"Shuka, Esta, uniambie usoni! Nilikuwa natafuta kambale mimi. Unapiga makopo kama arusi, na ndege wanakucheka!"

"Macho yangu hayadanganyi!" Esta alijibu. Lakini Atuganile alipoondoka, Esta hakuweza kukaa wala kusimama. Alivuta kamba hata pale ambapo hapakuwa na ndege.

Mchana wa siku hiyo, Jumamosi, mjomba wake Timotheo, mwalimu wa shule huko Iringa, alishuka kutoka kwenye lori akiwa na kamera ya sanduku imening'inia kifuani.

"Kamwene, mjomba!" Esta alimsalimu kutoka juu.

"Kamwene, mpwa wangu. Nipishe nipande. Nataka picha ya bonde lote."

Alipofika juu alimkabidhi Esta kamera. "Hii ni lenzi, jicho la kamera. Nyuma yake kuna filamu, inayopokea mwanga na kuuhifadhi. Tazama katika kidirisha hiki: hayo ndiyo mawanda ya picha, na ukingo wake huitwa fremu. Kilicho ndani ya fremu kitatoka. Kilicho nje hakitatoka, hata kiwe tembo."

Esta alicheka. "Kwa hiyo kamera huona kila kilicho mbele yake?"

"Kila kisichozibwa. Sasa ielekeze chini kadiri uwezavyo. Unaona nini?"

"Ukingo wa dungu."

"Na chini ya dungu?"

"Hapaonekani, mjomba."

"Basi hapo ndipo mahali pofu. Kila kamera inapo, na kila mlinzi anapo."

Kundi la kwelea likatua. Kwa mazoea Esta alinyoosha mkono akavuta kamba. Ndani ya kidirisha bonde zima likatetemeka.

"Tulia! Kamera ikitikisika, picha hutoka na ukungu." Timotheo alishika nguzo iliyokuwa karibu naye. "Lakini mbona dungu lote linayumba? Nguzo hii inacheza."

Esta aliiachia kamba polepole.

"Mjomba, naomba tukatazame kutoka kule chini."

Walishuka hadi ukingoni mwa jaruba la Tupokigwe. Atuganile, aliyekuwa akipalilia pamoja na mama yake, aliwapa mgongo. Esta aliinamia kidirisha, akaielekeza lenzi kwenye dungu. Katikati ya kivuli palimetameta utepe mwembamba wa maji.

Alikimbia. Nguzo iliyokitwa katika tuta ilikuwa imelegea, na kando yake palikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Maji yaliteleza humo bila sauti, kuelekea jaruba la Tupokigwe. Kila alipovuta kamba, nguzo ilitikisika na tundu likapanuka.

Ingetosha kuziba kwa tope na kunyamaza. Esta alisimama pale, tope mkononi, akimtazama Atuganile. Kisha akalitupa, akamwita kwa sauti kubwa baba yake, aliyekuwa mferejini, mpaka akafika.

"Baba, nilimwona Atuganile akiinama tu. Hilo la kufungua nililiongeza mwenyewe. Anayetoboa tuta ni mimi."

Mzee Kalinga alichutama, akaingiza mkono katika tundu. Kisha alivua kofia, akamwendea Tupokigwe.

"Mama Atu, jaruba ni lako mpaka uvune. Hata mimi sikuinama kutazama tuta langu."

"Na maji yako, Mzee Kalinga? Nikurudishie kwa ndoo?"

Mzee Kalinga alicheka kwa aibu. Esta alimwomba Atuganile msamaha, naye akamtazama juu mpaka chini.

"Kambale wangu alikimbia kelele zako," alisema. "Utanitafutia mwingine."

Walipokuwa wakishindilia udongo, Timotheo alisema: "Esta, kosa lako si kutokuona. Hakuna jicho linaloona kila kitu. Kosa lako ni kujaza kwa maneno mahali ambapo macho hayakufika. Shahidi mwaminifu husema alichokiona, husema alisimama wapi, na hukiri asichoweza kukiona."

Msimu uliofuata dungu lilijengwa mbali na tuta. Atuganile alipewa dungu la pili, upande wa jaruba la mama yake, ambako aliweza kuona chini ya lile la Esta, na kila asubuhi kabla ya kupanda, Esta alizunguka nguzo zote kwa miguu.