Besi ya Mkono wa Kushoto

Apa kwanza. Sema, "Halitoki hapa." Haya. Hata mimi niliapa hivyo mbele ya mke wa seremala, na tazama, nakusimulia chai haijapoa.

Unamjua Mashoto, seremala anayepiga besi kwenye bendi ya maharusi. Miaka yote alipiga gitaa za watu wa mkono wa kulia, kazigeuza juu chini, watu wakimcheka: "Mashoto, unapiga besi au unachuna mbuzi?" Besi ya mbao ya mkono wa kushoto ilimshinda bei.

Akafa mpigaji mwenzake, naye wa kushoto, akaacha besi ya namna hiyo, mbao nzima, inanguruma bila umeme. Seremala akaenda kutoa pole na konzi ya unga wa mbao mfukoni. Mjane alipoinuka kumletea maji, akaumimina kwenye tundu la besi. Mjane aliporudi, Mashoto akaitikisa mbele yake, unga ukamwagika.

"Shemeji, imebunguliwa. Kuni hii."

"Nami nilitaraji iwasomeshe wanangu," akasema mjane. "Basi, wewe ndiye fundi. Chukua kwa chochote."

Haukupita muda, nyumba ya seremala ikaanza kunuka jasho la mtu asiyeonekana. Kisha kru, kru, kru.

"Baba watoto," mkewe akanong'ona, "hicho kitu kinatafuna."

"Panya."

"Panya gani anatafuna kwa mapigo ya muziki?"

Kila asubuhi unga ulimwagika chini ya besi, na mbao haina hata kitobo. Wakamwita mganga, naye hakufukiza chochote. "Kamwambie mwenye mali ulichofanya." Lakini mtu mzima, fundi, aanzie wapi? Aibu ikamfunga mdomo.

Ikaja harusi, mchana kweupe, mjane kaketi mbele kabisa, na Mashoto alipogusa uzi wa kwanza ule mtafuno ukapanda ukazidi ngoma, unga ukatoka tunduni kama maji, hata jasho likimtiririka akazisukuma nyuzi pembeni akatia mkono kuuzoa, na mkono, mwanangu, ukashikwa.

"Nisaidieni!"

Bendi ikanyamaza. Vidole vinne vikachomoza tunduni, vina sugu za nyuzi, vimemkaba kifundo cha mkono. Mjane akasimama. Sugu zile alizijua.

"Shemeji, nisamehe!" Mashoto akalia mbele ya maharusi, wakwe na wapishi. "Mbao ilikuwa nzima! Unga niliutia mimi!"

Kila mtu alisikia. Vidole havikumwachia.